Gari Lisilo na Mama

Tanga, Alhamisi, Mei 1957. Mfungo mosi, baada ya Idd.

Mvua haijakatika tangu Jumatatu. Barabara ya kumi na mbili imegeuka mto, kuni zimelowa, na mimi nina hasira ya kujaza daftari. Daftari lenyewe ni la Rehema, binti yangu, alilolimaliza shuleni. Kurasa za nyuma ameziacha tupu, nami sioni kwa nini zipotee.

Niseme kwanza lililo kuu. Gari halijachaguliwa.

Tangu mwezi wa Rajabu wanaume wa nyumba hii wanatafuta gari la familia. Rajabu ikapita, Shaabani ikapita, tukafunga, tukala Idd, na hadi leo hakuna hata gurudumu. Kilichopo ni maneno. Kila siku baada ya alasiri wanakaa barazani, mume wangu na kaka yake Bakari na yeyote apitaye, wanakunywa kahawa yangu, wanachagua gari. Mtu akiwasikiliza atadhani wanamchagulia sultani mrithi.

Mume wangu, Baba Rehema, hununua machungwa Muheza na kuyaleta mjini. Mungu amembariki, sikatai, na bidii anayo. Lakini nilimjua alipokuwa taniboi wa basi, ananing'inia mlangoni, anapanda juu kufunga mizigo, shati limetatuka begani. Niliposafiri na mama yangu alituwekea nafasi nyuma ya dereva, na ndivyo posa ilivyoanza. Sasa mtu huyohuyo, tangu mwaka jana, hataki mkewe apande basi. Alilisema mbele ya wageni, kifua mbele: "Mke wangu mimi habanani tena na vikapu vya kuku." Wageni wakaitikia. Mimi nilikuwa ndani, namenya vitunguu, na sikuulizwa.

Mama yangu anakaa Maramba, peke yake, na mguu wake wa kulia unavimba. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni kelele. Sijamwona kwa miezi minane. Mwezi wa Rajabu, nilipolia, Baba Rehema aliniahidi: nitanunua gari kabla ya Ramadhani, utakwenda kwa mama yako umekaa kwa heshima, na ukitaka utamleta hapa atibiwe mguu. Nikafurahi kama mtoto. Nikafua mapazia.

Sikujua kwamba kuna watu wanaoweza kutafuta kitu kwa lengo la kutokipata.

Utafiti wao ulianza madukani. Wanakwenda watatu wanne, kanzu zimepigwa pasi, wanazunguka gari, wanalipiga makofi ubavuni, wanainama kuangalia chini wasichokijua, wanainuka wamekunja uso. Kisha wanaingia na kukaa. Gari la kwanza, dogo la Kiingereza, walilikataa kwa sababu kofia ya shemeji yangu Bakari iligusa dari. Ndiyo. Shemeji Bakari ni fundi wa kushona, hana gari, hatakuwa na gari, na hili si lake, lakini gari zima lilikataliwa kwa sababu ya kofia yake. Haikumjia akilini kwamba kofia huvuliwa.

La pili lilikuwa jeusi, la chini, linang'aa hata ukiliangalia unajiona. Hilo walilipenda. Wakalipendea honi. Shemeji Bakari alirudi akatuigizia honi hiyo hapo barazani, mtu mzima wa miaka hamsini, na majirani wakachungulia. Halafu wakahamia kwenye mapazia ya vioo, maana wanawake tutakaa nyuma na haifai tuonekane. Walibishana siku tatu kuhusu rangi. Shemeji alitaka zambarau. Mume wangu alitaka kijani. Pazia la gari ambalo halipo.

Hakuna hata mmoja aliyetaja njia.

Basi nikafanya utafiti wangu mwenyewe, bila kanzu. Jirani yangu Mama Paulo ni Msambaa, Mlutheri wa Lushoto, na mumewe ni dereva wa lori katika shamba la mkonge. Nilimwomba amuulize mumewe, na kesho yake akaniletea majibu uani tukiwa tunachambua mchicha. Njia ya Maramba wakati wa masika, ukishapita Mabokweni, ni tope jekundu na madaraja ya magogo. Gari la chini litakalia tumbo, magurudumu yatazunguka bure, na abiria watashuka kusukuma. "Mume wangu kasema, tazameni lililoinuka, lenye springi ngumu," Mama Paulo aliniambia. "Na liwe na nafasi nyuma, mtu mwenye mguu mbovu aunyooshe. Tena ulizeni spea kama zipo hapahapa mjini, au mtangoja meli." Alisema lipo moja la namna hiyo, refu, la Kifaransa, dukani mjini. Wenye mashamba wanalipenda kwa sababu hilohilo.

Mchicha haukuwa umekwisha, na gari lilikuwa limechaguliwa.

Jioni ile nilimweleza Baba Rehema, polepole, kwa adabu, nikimpakulia wali. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka. Akaniuliza tangu lini Mama Paulo anajua magari. Kesho yake akamsimulia kaka yake kama kichekesho, na Shemeji Bakari akasema kwa sauti ili nisikie huku ndani: "Gari lile ni la kubebea mbolea. Watu watasema ndugu yangu Mbaruku kapata pesa akanunua karai." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba gari hili halinunuliwi kwenda Maramba. Linanunuliwa kwenda msikitini siku ya Ijumaa, mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Sasa nifike kwa Jumanne, maana hapo upuuzi ulivuka mipaka.

Walishindwa kuamua wenyewe, wakamwita Mwalimu Rashidi aliangalie gari kwa falaki. Huku kwetu mtu haanzi safari wala haoi bila kuangaliwa nyota. Hesabu yake haina siri: kila herufi ina idadi yake, unajumlisha jina la mtu na jina la mama yake, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki kinakuonyesha nyota. Ikipatana na nyota ya mwenzake, heri. Isipopatana, wanaachana kabla ya kuanza.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha hesabu hiyo nikiwa msichana, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume. Kwa hiyo naandika hapa nisichomwambia mtu. Jumapili, niliposikia Mwalimu ataitwa, nilikaa na mkaa juu ya sakafu ya jikoni nikahesabu mchana kutwa. Jina la gari lipo, limeandikwa kwa chuma usoni pake. La mamake ndilo hakuna. Lakini falaki ina dawa: mtu asiyejulikana mama yake huhesabiwa kwa Bi Hawa, mama wa wote. Nikahesabu kwa Hawa. Gari la Kifaransa likatoka nyota ya moto, sawa na ya mume wangu. Jeusi lile la honi likatoka maji. Nikacheka peke yangu. Jumatatu nikampelekea mke wa Mwalimu sahani ya vitumbua, na katika maongezi nikamkumbusha habari ya Bi Hawa, kana kwamba nauliza tu.

Ninawadharau kwa kuangalia gari nyota, nami nimehesabia magari mawili. Haya, nimeandika.

Jumanne nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikasikiliza. Mwalimu alikaa, akavaa miwani, akaomba jina la gari, akapewa. Akaomba jina la mama. Wakaulizana wao kwa wao. Mwalimu akakohoa akasema, kwa mwenye mama asiyejulikana tunamtumia Bi Hawa.

Na Shemeji Bakari akafungua mdomo.

"Mwalimu, samahani. Bi Hawa ni mama wa watu. Chuma hakikuzaliwa na Hawa."

Mwalimu akavua miwani. Mume wangu akasema kweli, hilo ni neno. Mwingine akadai mama wa gari ni Uingereza, mwingine akauliza je na lile la Kifaransa, mwingine akasema ni meli iliyolileta maana ndiyo iliyolibeba tumboni. Wazee wenye ndevu, wanamtafutia gari mama! Mwisho Shemeji akatoa hukumu: gari likiwa dukani lipo chini ya mwenye duka, hivyo mama wa mwenye duka ndiye ahesabiwe. Mwalimu akafikiri, akasema haijapata kutokea lakini inaingia akilini. Vitumbua vyangu vikapotea hivyo.

Leo asubuhi, kwa mvua ile, wakaenda dukani kuuliza.

Haya niliyapata kwa Shemeji mwenyewe, aliyerudi analalamika kana kwamba ameonewa. Mwenye duka ni Mhindi aliyezaliwa hapahapa Tanga, anasema Kiswahili kuliko sisi. Aliwakaribisha, akawaagizia chai, akajua leo anauza gari. Mume wangu akasafisha koo, akasema: "Bwana, kabla ya bei, tunaomba kitu kimoja tu. Mama yako anaitwa nani?"

Mtu aliyezaliwa Tanga anajua jina la mama huombwa kwa ajili gani. Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Mganga hawezi kumroga mtu bila jina la mamake.

Yule bwana aliweka kikombe chini. "Nimewakosea nini?" akauliza. Walipojaribu kumweleza kwamba si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya gari, akasimama. "Nimewakosea nini mimi, hata mje kuniroga dukani kwangu, mkinywa chai yangu?" Kadiri walivyoeleza ndivyo alivyozidi kupandisha sauti. Akawatoa nje kwenye mvua, na hawajavuka barabara alikuwa amekwisha shika simu. Duka la pili walilokwenda, mlango ulifungwa mbele ya pua zao. La tatu, karani aliwaambia magari yamekwisha, na magari matatu yalikuwa yamesimama nyuma yake.

Wanaume wazima wanne. Katika mji mzima wa Tanga sasa hakuna anayethubutu kuwauzia gari.

Walirudi adhuhuri wameloa, kanzu zimeshika miguuni, wakaomba kahawa. Nikawapa. Nilitaka kuwamwagia. Waliongea mpaka alasiri, na niamini, hawakuongea habari ya aibu. Waliongea habari ya kwenda Mombasa kununua. Shemeji Bakari ana mtu Mombasa. Na je, likitoka Mombasa, litahesabiwa kwa mama yupi?

Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, na kusema kweli nilikuwa nalia. Nililia kwa sababu niliona mwezi mwingine unaondoka, na baada yake mwingine, na mguu wa mama yangu haujui habari za Mombasa.

Ndipo nikasikia hodi.

Ilikuwa sauti niliyoijua kabla sijajijua mimi. Mama alikuwa amesimama chini ya ngazi ya baraza, buibui limelowa chapa, tope limefika magotini, fimbo mkono mmoja na mkono wa pili fundo la mihogo. Amekuja na basi. Peke yake. Basi lilikwama njiani, abiria wakashuka, wanawake wawili wakambeba yeye hadi pakavu, likasukumwa, akapandishwa tena. Kutoka stendi alitembea, maana kwa mvua hii basi halikupita kwetu.

Wanaume wote wakasimama kwa pamoja. Shikamoo mama, shikamoo mama. Akaitikia kila mmoja. Akapanda ngazi mbili, akapumzika, akatazama vikombe vyao na karatasi zenye picha za magari.

"Mwazungumza nini wanangu, hata mvua haiwatishi?"

Mwisho mume wangu, maana ndiye mwenye nyumba, akasema: "Tunazungumzia gari, mama. Gari la kuja kukuchukua."

Mama akamtazama. Hakucheka, wala hakukasirika. "Haya," akasema. "Endeleeni. Miye n'shafika."

Akaingia ndani.

Nimemwosha miguu kwa maji ya moto. Wa kulia ni mzito mkononi, ngozi imevutika inang'aa, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Mabega yake yamekuwa membamba. Miezi minane imemla, na mimi sikuwepo. Nilimuuliza kwa nini hakuniletea salamu kwamba hali imekuwa hivi.

"Niliambiwa mwanangu hapandi basi siku hizi, angoja gari," akasema. "Nami nikangoja. Kisha nikaona hilo gari litafika siku ya matanga yangu. Nikasema basi, nimwone weye miye mwenyewe, ningali naweza kupanda ngazi."

Aliyasema hayo bila kinyongo, anakunywa uji. Sasa amelala kitandani kwangu, na mimi naandika kabla ya adhana ya magharibi. Nimewatukana wanaume kurasa nyingi, na sifuti hata neno moja. Wamestahili. Lakini imebaki ya kwangu.

Basi la Maramba linapita mwisho wa barabara yetu. Nasikia honi yake jikoni. Ningeweza kuvaa buibui wakati Baba Rehema yuko Muheza, nikaenda, nikarudi kesho yake, na dharuba ya maneno ingepita kama zilivyopita nyingine. Si mtu wa kupiga. Angenuna siku tatu. Kuninunia siku tatu ndiyo bei niliyoshindwa kulipa kwa ajili ya mama yangu.

Na si hivyo tu. Niandike yote. Nililitaka gari. Nilikuwa nikilala najiona naingia Maramba nyuma ya pazia la kijani, wanawake wametoka milangoni kutazama nani huyo, na mimi nashuka taratibu. Mama yangu katika picha hiyo alikuwa amesimama mlangoni, mzima, ananingojea. Nilimweka pale akae anisubiri mpaka nitakapokuja na fahari yangu. Nimewacheka kwa honi na kofia, kumbe mimi nami nilikuwa nimekaa ndani ya gari lilelile.

Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu niolewe.

Mama anasema atakaa siku mbili tu, Jumamosi anarudi, ana kuku na muhogo wa kuvuna. Nimembembeleza akae atibiwe. Amekubali kesho apelekwe kwa daktari, lakini Jumamosi pale pale, hataki kusikia zaidi. Ninamjua, hatabadilika.

Baba Rehema ameingia sasa hivi, barazani wametawanyika. Amesimama mlangoni, anamwangalia mama amelala, anachezea vifungo vya kanzu. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi hana neno la gari. Nimemwambia kwa sauti ndogo, nisimwamshe mama, kwamba Jumamosi ninapanda basi naye hadi Maramba, na nitakaa huko mpaka mguu upungue. Sikuomba ruhusa. Nimemwarifu.

Kisha ameniuliza lile lile la siku zote, lakini kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Na watu watasema nini?"

Nimemjibu watasema mwana kampeleka mamake kwao.